Chururu si ndo ndo ndo: siku sita nikiupanda Msimbazi

Jumatatu, Salender

Nimeanzia mwishoni. Mto Msimbazi unaanza kule vilima vya Pugu unakuja kuishia baharini hapa Salender, Dar es Salaam, kama kilomita 35 hivi, wengine wangeanza juu washuke na maji ila mimi nataka nipande, nifike nione mvua iliyomuharibia shangazi yangu ilitoka wapi na huko ilikotoka wanaiitaje.

Niseme kabisa sababu. Mwezi uliopita, Aprili, masika yamekolea, nilimuuliza shangazi anayekaa Kigogo bondeni huko mvua vipi, ilikua saa nne usiku. Akanirudishia vois, "huku rasharasha tu mwanangu, we lala". Nikalala. Saa tisa maji yakawa yameingia ndani mpaka usawa wa godoro, cherehani yake ya umeme mota yote imezama, na vitenge vya wateja, sare ya harusi, alikua ameviweka kwenye mfuko chini ya meza, vikachujuka rangi na baada ya siku mbili vikaota ukungu. Shangazi hakunidanganya. Usiku ule pale Kigogo ilikua rasharasha kweli, majirani wote wanasema hivo hivo. Mimi ndo nilisikia rasharasha nikaelewa usalama, na hilo neno halijanitoka kichwani mpaka leo.

Basi nimeshuka daladala saa moja asubuhi, anga limejifunga, jua halijulikani liko wapi. Daraja la Tanzanite lipo kule mbele juu ya bahari, lile lililofunguliwa 2022, na huku chini mikoko imesimama kwenye tope jeusi. Kusi limeshaanza, tuko katikati ya Mei, upepo unatoka kusini umebeba kitu ambacho sio mvua na sio kukavu. Kuna mzee anavua kwa mshipi, nikamwamkia, tukaongea habari za samaki, mwisho nikamuuliza mzee hii mvua unaiitaje.

"Mvua ipi?" Akatazama juu kabisa. "Aa, haya manyunyu."

Nikamwambia si ndo rasharasha. Akakataa palepale. "Rasharasha utaisikia. Manyunyu huyasikii, unayaona kwenye nywele za mwenzio."

Nikamuangalia kichwani na kweli, mvi zake zimejaa vitone vidogo kama chumvi ya unga, na kwenye sweta vimekaa juu ya manyoya ya uzi bila kuzama. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema tone la manyunyu linakua chini ya nusu milimita, la mvua yenyewe linaweza kufika milimita tano, na lile kubwa linashuka kwa kasi ya kama mita 9 kwa sekunde wakati haka kadogo kanaelea tu, upepo ukienda kushoto nako kanaenda kushoto. Ndo maana mwavuli leo haujanisaidia kitu, nimeufungua na bado uso umelowa, yanaingia kwa pembeni.

Nimekaa pale mpaka saa nne. Maji ya mto yalikua meusi, yametulia, yananuka yanavyonukaga siku zote.

Jumanne, Jangwani na Kigogo

Jangwani nimepita na mwendokasi, sikukaa sana. Kila mtu Dar anajua hapa pakijaa basi mabasi yanasimama na watu wanatembea kwa miguu kutafuta njia ya kuzunguka. Nilishuka nikasimama pembeni dakika kumi nikitazama lile bonde, upana wake, nikawaza Desemba 2011, ile mvua iliyosemwa ni kubwa kuliko zote Dar tangu 1954, watu zaidi ya 40 walikufa na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nilikua nimeshasikia hadithi hizo mara nyingi ila ukisimama pale na kiatu kinazama kidogo kwenye mchanga laini, unaelewa kwamba unakanyaga mto, ni vile tu leo haupo.

Kwa shangazi nimefika saa sita. Ukutani ule mstari bado upo, rangi ya chai ya maziwa, unaishia juu kidogo ya soketi. Cherehani mpya amekopa kwenye kikoba, ipo juu ya meza, na meza ameiinulia matofali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, umelowa, ulipita wapi?"

Nikamueleza safari yote na maneno ya yule mzee wa mshipi. Alicheka kidogo akaingia ndani akatoka na mrashi. Ni wa shaba, shingo ndefu, tumbo la duara, kule juu una kichwa chenye vitundu, alipewa na mama yake siku anaolewa na kwenye maulidi mtaani huwa wanakuja kuuazima. Kwenye yale mafuriko uliokotwa nje kwenye tope. Akautia maji ya kawaida, marashi yameisha, akasema nyosha mkono.

Akautikisa mara moja tu. Yakaja matone kwenye kiganja changu, nikayahesabu, tisa, kila moja limekaa peke yake halijagusana na jirani yake.

"Hiyo ndo rasharasha. Yahesabika."

Mimi miaka yote nasema mrashi, nasema marashi, nasema kumrashia bwana harusi, na nasema mvua ya rasharasha, na sijawahi kukaa nikaona kwamba ni neno moja hilo hilo, asili yake Kiarabu, kurasha, kutupia matone matone. Aliyeiita mvua hivo mara ya kwanza nadhani alikua anaangalia mkono wa mtu umeshika mrashi. Nimefurahi mno kwa hilo, siwezi kueleza vizuri.

Nikamuuliza na manyunyu je. Akachukua kipande cha kaniki, akakikunjua kwenye meza ya pasi, akapiga funda la maji mdomoni, akapuliza. Pfuuu. Wale waliokulia na pasi ya mkaa wanajua, hivo ndo nguo ilikua inanyunyiziwa kabla ya kupigwa pasi, na madobi wengine mpaka leo. Kitambaa kilibadilika rangi chote kwa pamoja, kikawa cheusi zaidi.

"Haya, nitafutie tone."

Halipo. Nimeinama mpaka pua inagusa kaniki, hakuna tone hata moja, kuna unyevu tu.

Kwahiyo shangazi na mzee wa Salender wamekubaliana bila kujuana, mmoja kapima kwa sikio mwenzie kwa mkono. Sio kila mtu atakubali, najua, kuna wanaosema ni kitu kimoja na wala hawajakosea maana ndivyo tunavyoongea siku hizi. Ila shangazi ana sababu ya kutofautisha. Manyunyu yakija, anasema, anaacha nguo kwenye kamba, upepo utazikausha hivo hivo. Rasharasha ikija anaanua.

Kabla sijaondoka nikamuuliza swali ambalo ndo lilinileta. Usiku ule ulipita muda gani toka rasharasha mpaka maji. Akafikiri. Akasema hata mvua ilikua imekatika, alishasikia vyura wanalia, na hajasikia tone kwenye bati kwa muda mrefu, kilichomuamsha ni harufu ya udongo, udongo wa shamba, sio harufu ya mto wa kila siku. Alipoweka mguu chini ukaingia kwenye maji na alipowasha tochi maji yalikua mekundu.

"Huku kwetu hakuna udongo mwekundu," akasema.

Jumatano, Tabata

Leo sijaenda popote. Nimelala kwa rafiki yangu Tabata, karibu na relini, na toka alfajiri inapiga. Hii sasa ni mvua ya kuitwa mvua, haina jina la kubembeleza. Bati lao halina siling bodi kwahiyo kuongea ni kupayuka, tumekaa tunakunywa chai ya rangi na mihogo tunatazamana tu.

Nimeitumia siku kusikiliza. Mwanzo kabisa ilikua ndo... ndo... ndo, kwenye ndoo ya plastiki iliyowekwa mlangoni, unaweza kuvuta pumzi kati ya tone na tone. Ikafika mahali zile ndo zikaanza kushikana, na pale kwenye kona ya paa ambako bati mbili zinakutana, ukatokea mchirizi mmoja mwembamba, chururu, haukatiki, unang'aa kama uzi wa mshipi. Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo, na mimi niliisoma shuleni nikaijibu kwenye mtihani kwamba maana yake ni kidogo si sawa na kingi, nikapata alama. Leo ndo nimeiona. Ile ndoo ya lita 20 kwa ndo ndo ndo nilikaa karibu lisaa haijafunika chini vizuri. Kwa chururu nimeenda msalani nimerudi imejaa inamwagika.

Rafiki yangu ana gata upande mmoja na simtenki nje. Hesabu yake anaijua kichwani, mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, bati lake ni kama mita 60 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu ana lita 600, ndoo thelathini, toka kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Maji ya kwanza anayaacha yaende maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Nilivyomsikiliza nikaanza kuhesabu mabati mengine, Tabata yote, Segerea, Kinyerezi, Ukonga, Gongo la Mboto, kila bati lina chururu yake na kila chururu inaenda kwenye mtaro, na zamani hayo yalikua mashamba ya mihogo na mikorosho, maji yanakunywewa na ardhi. Sasa ni zege na lami na pevingi, yanazama wapi? Dar kwa mwaka inapata kama milimita 1,100, sio mvua nyingi, Tukuyu huko inapita 2,000 na watu wanalima ndizi zao. Shida ni yanakopita.

Alasiri imekatika, kumeanuka, kakatoka kianga. Neno tamu hilo, kianga, lile jua la baada ya mvua linalochoma shingo. Watoto wa jirani wamekimbia nje maana bado kuna matone yanaanguka juani wanaimba simba anazaa, simba anazaa, kama tulivyoimba sisi.

Alhamisi, Vingunguti mpaka Ulongoni

Konda wa daladala alikua na redio, utabiri ukasomwa, hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Dada aliyekaa pembeni yangu akasema hayo maeneo machache wangeyataja majina. Nilimuelewa kabisa.

Vingunguti nimeupata mto una rangi ya chai. Kuna mama anauza mihogo ya kukaanga karibu na daraja, nikanunua ya mia tano nikakaa. Yeye ana neno lake, anasema mvua "inadondosha dondosha", hajui kutofautisha manyunyu na rasharasha na wala hana haja, kwake yapo mambo mawili, ya kufunika jiko na ya kutofunika. Inayodondosha dondosha hafuniki maana mafuta yakipata tone moja moja yanaruka tu kidogo. Ikianza "kumwaga" anafunika turubai na anahama.

Nilipomuuliza mto unajaa saa ngapi mvua ikinyesha hapa, alinishangaa. "Mvua ya hapa haijazi mto kaka. Mvua ya hapa inajaza mtaro. Mto unajazwa na ya Pugu."

Alisema kirahisi hivo huku anageuza mihogo. Shangazi yangu kakaa Kigogo miaka 20 na mimi nimezaliwa Dar, na hakuna kati yetu aliyewahi kulisema kwa sentensi moja.

Ulongoni jioni. Madaraja ya huku yamewahi kubebwa na maji, watu wanakuonyesha, pale palikua na hiki, hapa tulikua tunavuka kwa kamba. Mchanga mwingi. Nimelala Gongo la Mboto.

Ijumaa, Pugu

Nimeamka saa kumi na moja kuwahi, bodaboda kanipandisha Pugu Kajiungeni na tulipofika kwenye mteremko mmoja akapunguza gia akaenda taratibu kwa sababu bonde lote limejaa ukungu. Sio mwingi wa kutisha, mwembamba, umelala chini kama maziwa yaliyomwagika, vichwa vya minazi vimetoka juu. Hesabu ya wataalamu ni kwamba usipoona mbali ya kilomita moja ndo unaitwa ukungu, mimi nilikua naiona mikorosho mitatu ya kwanza, ya nne sijui. Vilima vya Pugu havina urefu wa kusema, havizidi sana mita 300, lakini ukitoka joto la Kariakoo ukafika huku alfajiri ya Mei unavaa koti.

Nikawaza vitenge vya shangazi. Ukungu ule wa kwenye nguo na mkate, na ukungu huu wa bondeni, neno moja. Vyote vinaletwa na unyevu uliokaa, na vyote vina weupe.

Nimepokelewa na mzee mmoja rafiki wa marehemu babu yangu, Mzaramo, nyumba yake ipo karibu na msitu, kilomita chache na Kisarawe. Tulienda shambani kwake kwa kijinjia cha majani, suruali ikalowa mpaka magotini na hakuna mvua iliyonyesha. Akaniambia huo ndo umande, usimsingizie Mungu mvua. Akasema watoto wa zamani walikua wanaukimbia huu, wanasubiri jua likaushe majani ndo waende shule, wakifika wanakuta kengele ishagongwa, wakichoka kuchapwa wanaacha kabisa. Ndo maana mtu asiyesoma tunasema alikimbia umande. Mimi nimelitumia hilo neno mjini maisha yangu yote kwenye lami. Leo ndo nimeuvaa.

Yeye majina anayo mengi kuliko wote niliowauliza na anayapanga kwa mwaka mzima. Masika haya, Machi mpaka Mei, ya kupandia mpunga na mahindi. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, mara zinakuja mara zinadanganya. Katikati pale Julai Agosti kuna kamvua kadogo, mchoo, nikamwambia hilo sijawahi kulisikia mtu akilisema Dar, akanyamaza, kisha akasema mchoo ulikua unastawisha mboga zake za majani, na kwamba mwanawe mwenyewe halijui.

Nimemuuliza ile Aprili, nikamtajia na siku. Anaikumbuka. "Ile haikuwa ya kuita jina. Ilianza saa za magharibi ikaja kuchoka saa sita usiku, hatukusikilizana humu ndani."

Saa sita usiku ilichoka huku. Saa tisa shangazi kaweka mguu kwenye maji mekundu. Nimeandika hizo saa mbili kwenye simu, moja chini ya nyingine, nikazitazama sana.

Udongo wa njia ya kwenda shambani kwake ni mwekundu.

Jumamosi, msituni

Tumeingia msituni na mjukuu wa mzee, kijana wa kidato cha pili, msitu wa Pugu Kazimzumbwi, ni hifadhi. Ukiingia tu mwanga unapungua na kila kitu kinadondosha. Nilivaa kofia ya koti nikasema mvua imeanza, kijana akacheka, akanivuta kwenye uwazi mdogo nikatazama juu, anga jeupe kavu. Ni miti. Imeshika maji ya usiku kwenye majani inayatoa taratibu, ndo, ndo, na itaendelea hivo mpaka mchana. Nilikaa chini ya mti mmoja kusikiliza, tone linaanguka kwenye jani la juu, linapasuka, linakusanyika ncha ya jani la chini yake, linaanguka tena, na likifika ardhini halina nguvu ya kuchimbua hata punje ya mchanga, linaingia tu kwenye majani makavu linapotea. Nikakumbuka lile bati la Tabata. Mvua ni hiyo hiyo.

Chini zaidi kuna kijito, maji masafi kabisa unaona mchanga, yanachuruzika kati ya mawe, kuna mahali yanaruka mzizi mkubwa yanaanguka kama futi mbili. Kijana akasema hilo ndo poromoko letu. Nimepiga magoti nikatia mkono pale yanapoangukia, ya baridi, yanasukuma vidole. Haya yakishuka shuka ndo yanaenda kuwa yale meusi ya Salender.

Saa nane tulikua tumesharudi kwa mzee, tunakula wali na kisamvu, anga likaanza kuwa zito upande wa kusini. Kwanza manyunyu, nimeyajua mwenyewe, nimeyaona kwenye nywele za kijana. Halafu tone moja kwenye sufuria lililofunikwa, tang. La pili. Rasharasha, naihesabu. Mzee hakuangalia juu hata mara moja, aliinuka akaenda pembeni ya nyumba anapoweza kuuona mfereji unaoshuka kwenye korongo, akarudi akasema yakibadilika rangi ntakwambia. Ilipita kama nusu saa. Bati likawa linaongea kwa sauti moja bila kukata, na mzee akaniita, tukasimama wawili chini ya baraza tunatazama maji ya mfereji yanavyokuja, ya kwanza ya kawaida, halafu yakaja na ulimi mwekundu mbele.

Nimempigia shangazi.

"Huko kwenu vipi?"

"Kukavu. Mawingu tu. Nimeanika."

"Huku imeshuka shangazi."

"Ipi? Manyunyu au rasharasha?"

Nikaanza kutafuta neno, nikaona naogopa kulikosea. Nikatoka barazani, nikanyoosha mkono nikaisogeza simu mpaka karibu na kona ya bati pale chururu inapoanguka kwenye pipa, nikaishikilia hapo. Maji yananipiga begani. Sijui nilikaa dakika ngapi, niliporudisha simu sikioni hakuna anayeongea, nikadhani mtandao umekata.

Halafu nikasikia, mbali kidogo na simu, anamwita mtoto wa jirani aje amshikie upande wa pili wa meza.